Simu ya upepo: nyaya angani kando ya Ziwa Victoria

Tarehe 22 Juni 1915 meli za Waingereza zilizotoka Kisumu zilishusha askari ufukweni, kaskazini kidogo ya mji wa Bukoba. Hawakuja kukaa. Walikuja kuangusha mnara mmoja wa chuma pamoja na nyaya zilizoning'inia juu yake. Chini ya Jenerali James Stewart walipigana na Wajerumani na askari wao Waafrika kwa siku mbili kwenye vilima vinavyouzunguka mji. Mmoja wa wapiganaji hao alikuwa mwindaji Frederick Selous, mzee wa miaka 63, yuleyule ambaye jina lake lilikuja kubandikwa kwenye pori kubwa la akiba kusini mwa nchi yetu. Tarehe 23 mnara ulilala chini, mji ukaporwa, na askari wakapanda meli kurudi Kisumu.

Vitabu vingi vya Vita Kuu ya Kwanza hulipa tukio hili aya moja, tena ya haraka, kwa sababu Selous anavutia kuliko mnara. Mimi nasoma shahada ya uzamili ya historia na ninaishi Mwanza, ng'ambo ya pili ya maji hayohayo. Kilichonikaa kichwani ni mnara. Serikali ilivusha jeshi ziwani kwa ajili ya waya. Nilitaka kujua waya huo ulikuwa unasema nini, na baadaye nikataka kujua kama mtu wa kawaida, mpangaji wa vyumba viwili Bugarika, anaweza kutundika wake.

Chukua ramani. Kutoka Mwanza hadi Bukoba kwa mstari ulionyooka juu ya maji ni kama kilomita 180. Ukitaka kupeleka waya wa simu kwa nchi kavu, utauzungusha kusini mwa ziwa lote, uvuke Ghuba ya Mwanza, upite Geita na Biharamulo, kisha upande kaskazini hadi Bukoba. Kila nguzo inahitaji mtu wa kuilinda. Kwa hiyo miaka michache kabla ya vita Wajerumani walijenga vituo viwili vya redio, kimoja Mwanza na kimoja Bukoba, kwa mitambo ya cheche ya kampuni ya Telefunken. Waswahili wa wakati ule walikipa kitu hiki jina ninalolipenda kuliko lolote tulilobuni baadaye: simu ya upepo.

Agosti 1914 vita vilipoanza, mnara wa Dar es Salaam ulikuwa wa kwanza kwenda, baada ya manowari ya Kiingereza Astraea kufika mbele ya bandari. Mwezi huohuo, usiku wa tarehe 24 kuamkia 25, Wajerumani walikiharibu wenyewe kituo chao kikubwa cha Kamina, Togo, kisije kikatekwa. Hicho ndicho kilichokuwa kikiunganisha makoloni yao ya Afrika na Nauen, karibu na Berlin. Vituo vya ziwani vikabaki kama masikio ya koloni. Hali ya anga ikiwa nzuri usiku, Nauen iliweza kusikika Afrika Mashariki moja kwa moja, zaidi ya kilomita 6,000. Sasa uvamizi wa Bukoba unaeleweka. Mji ule haukuwa na dhahabu wala bandari ya bahari. Ulikuwa na sikio, na Waingereza walilikata. Mwaka uliofuata, tarehe 14 Julai 1916, jeshi la Brigedia Charles Crewe liliingia Mwanza na kukuta kituo cha redio kimekwisha kuharibiwa.

Kuna kioja kimoja kinachofuata hapo. Novemba 1917 Ujerumani ilituma ndege kubwa ya gesi, L59, kutoka Bulgaria kuja kumpelekea Lettow-Vorbeck dawa na risasi. Ilifika juu ya Sudan, ikapokea amri kwa redio igeuze, ikarudi ilikotoka baada ya saa 95 angani. Iliyokuwa angani ilikuwa na antena. Waliokuwa wakisubiriwa chini, huku kwetu, hawakuwa na mnara hata mmoja wa kuieleza wako wapi.

Mainjinia wa kizazi kile waliamini kwamba ukitaka kufika mbali sharti uwe na mawimbi marefu, na mawimbi marefu yanadai minara mirefu. Ndiyo maana redio ilikuwa mali ya dola. Mwaka 1912 sheria ya Marekani iliwasukuma wapenzi wa redio, watu waliokuwa wakichezea mitambo majumbani mwao, kwenye mawimbi ya mita 200 kushuka chini, yaliyohesabiwa kuwa hayafai kitu. Wakapewa makapi, wakayapepeta. Novemba 1923 Mfaransa Léon Deloy na Mmarekani Fred Schnell walizungumza kuvuka Atlantiki kwa wimbi la takriban mita 110, kila mmoja akiwa na kituo chake mwenyewe. Mwaka uliofuata Edward Appleton alianza kuthibitisha kwa vipimo kile ambacho Heaviside na Kennelly walikuwa wamekikisia tangu 1902: juu kabisa, zaidi ya mawingu yote, kuna tabaka la hewa yenye chaji, ionosfia, linaloyarudisha chini mawimbi mafupi. Anga lenyewe ndilo mnara.

Hapo hesabu inakuwa nyepesi kiasi cha kuchekesha. Antena ya msingi kabisa inaitwa dipoli: waya uliokatwa katikati, wenye urefu wa nusu ya wimbi, na kebo inaunganishwa pale katikati. Gawa 143 kwa masafa yako kwa megahezi, unapata urefu kwa mita. Kwa megahezi 7.1, masafa ambayo wapenzi wa redio huyaita mita 40, jibu ni kama mita 20: kumi huku na kumi kule. Mita 20 za waya wa nyumba. Kile ambacho mwaka 1915 kilihitaji chuma cha Ujerumani na vichwa vya wapagazi, leo kinapatikana duka lolote la vifaa vya umeme barabara ya Pamba.

Lakini nisiruke kipindi cha katikati, maana huko ndiko familia yetu inakoingia.

Babu yangu alikuwa mkulima wa pamba Ukerewe na alikuwa na redio ya National ya betri. Betri zikichoka zilianikwa juani ili zipate nguvu ya siku mbili tatu zaidi. Nyuma ya redio kulikuwa na kipande cha waya kilichotoka dirishani na kupanda mwembe hadi kileleni. Babu hakujua neno dipoli. Alijua kwamba waya ukiwa juu Dar es Salaam inakuja, ukianguka Dar es Salaam inaondoka. Nyumba nyingi za kisiwani zilikuwa na waya wa namna hiyo, na mgeni aliweza kuhesabu wenye redio kwa kutazama miti.

Huku ziwani waya ulikuwa na kazi ya pekee. Pima tena kwenye ramani: Kampala, Kigali, Bujumbura na Nairobi zote ziko karibu na Mwanza kuliko Dodoma, achilia mbali Dar es Salaam iliyo kilomita 850. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, Idhaa ya Kiswahili ya BBC mwaka 1957, lakini mtu wa Kanda ya Ziwa aliyekuwa na waya mzuri alisikia majirani kwanza. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka, Uganda ilitangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya Mto Kagera sasa ni yake. Mama alikuwa msichana mdogo. Anakumbuka babu akiwa amekaa chini ya mwembe, redio kifuani, akizungusha kitufe kutoka Kampala hadi Dar es Salaam na kurudi, na watu wazima wamesimama bila kuongea. Siku ya pili ya Novemba Mwalimu alipolihutubia taifa kwamba tunakwenda kupigana, kwa wasikilizaji wale ilikuwa jibu la kitu walichokwisha kukisikia.

Machi 1979 vita vilifika Mwanza kwa namna yake. Ndege ya kivita ya Libya, Tu-22, iliyotumwa kumsaidia Amin ilikuja kuupiga mji, ikakosa shabaha, na mabomu yakaangukia hifadhi ya wanyama ya Kisiwa cha Saanane. Waliokufa ni wanyama. Leo wanafunzi huvuka kwa boti kwenda kupiga picha pale. Mama haoni cha kuchekesha, na hii ni sehemu ya maelezo ya kwa nini waya wangu ulimkosesha usingizi. Kwa watu wa rika lake, waya mrefu juu ya nyumba una maana ya habari mbaya, au ya mtu anayetoa habari kwa wengine.

Upande wa pili wa waya, ule wa kusema, haukuwahi kuwa wa kina babu. Walikuwa nao polisi, jeshi, reli, na misheni. Mwaka 1957 lilianzishwa Nairobi shirika la madaktari wanaoruka, ambalo leo ni Amref, na hospitali nyingi za vijijini zikaja kuunganishwa nalo kwa redio ya masafa mafupi. Nilimtafuta mzee mmoja aliyeendesha redio ya hospitali ya misheni ng'ambo ya ghuba, enzi ambazo kufika Mwanza kulimaanisha kusubiri kivuko cha Busisi, muda mrefu kabla ya daraja. Nilimpigia magoti, shikamoo babu, marahaba mjukuu wangu, na kabla sijatoa daftari akaniuliza waya wangu una urefu gani.

Aliniambia walikuwa na saa maalumu asubuhi. Kila kituo kiliitwa kwa zamu, kikasema kina mgonjwa gani, kinahitaji damu, kinahitaji ndege. Antena ilikuwa dipoli iliyofungwa kati ya mnara wa tanki la maji na mti, chini kabisa, mita nne au tano tu. Nikashangaa, kwa sababu kila maandiko ya antena husema panda juu. Akacheka. "Juu ni kwa mtu anayetaka Ulaya," alisema. "Sisi tulitaka Tabora."

Maelezo yake yana fizikia kamili. Dipoli iliyo karibu na ardhi hurusha mawimbi yake wima. Yanagonga ionosfia juu ya kichwa chako na kurudi kama mvua, yakifunika eneo la kilomita mia kadhaa pande zote, bila kujali mlima wala ziwa. Na sisi tulio karibu na ikweta ionosfia yetu ya mchana ni nzito, hivyo megahezi 7 hurudi vizuri saa ambazo nchi za baridi hupata shida. Ndivyo walivyofanya kazi wenye redio za mashariki ya Kongo pia, zile wanazoziita foni, ambako kabla ya simu za mkononi watu walipanga foleni kwenye kibanda ili kuzungumza na ndugu wa Kisangani au Bukavu kupitia waya uliofungwa kwenye mianzi miwili.

Basi nikarudi Bugarika na swali langu likiwa dogo zaidi: juu au chini?

Aliyewahi kufika Mwanza anajua nyumba zetu zimekaa juu ya mawe. Jiwe la graniti ni zuri kwa kuanika nguo na dagaa, baya kwa redio. Antena ya kusimama wima, ambayo ingefaa kiwanja chembamba kama chetu, hutumia ardhi kama nusu yake ya pili. Inataka nyaya nyingi zifukiwe chini kuizunguka, na graniti haifukiki wala haipitishi umeme wa maana. Rafiki yangu wa Zanzibar alinipa moyo kwamba niko karibu na maji. Ni kweli, lakini maji ya bahari hupitisha umeme mara mamia kuliko maji ya ziwa letu. Faida ya pwani ni ya pwani. Kulikuwa pia na antena ya Mwingereza Louis Varney ya mwaka 1946, maarufu kwa jina lake la kituo G5RV, yenye urefu wa mita 31 na inayokubali masafa mengi. Mita 31 kwangu zinaishia sebuleni kwa jirani.

Nilichagua dipoli ya mita 20 iliyokunjwa kama V iliyopinduliwa. Katikati yake inapanda juu, miguu miwili inateremka pande mbili, kwa hiyo unahitaji nguzo moja tu badala ya mbili na nafasi ya ardhi inapungua. Nguzo yangu ni mlingoti ulioota kati ya mawe mawili nyuma ya choo. Nilipata kimo cha mita nane: chini ya kutosha kusikia Tabora, juu ya kutosha kuibia Ulaya kidogo usiku.

Vifaa vilikuwa hivi. Waya wa shaba wa milimita 1.5, ule wa kufungia taa. Kebo ya dishi, ambayo ina omu 75 na inakaribiana sana na dipoli yenyewe. Duniani wengi hutumia ya omu 50, lakini ya dishi iko kila kona na ni rahisi. Vihami vya mwisho nilikata kwenye bomba la plastiki la maji. Kamba nilinunua Mwaloni kwa wauza nyavu, nailoni ya wavuvi, isiyooza kwa mvua wala jua. Kuipitisha kamba juu ya tawi nilimlipa mtoto wa jirani mwenye manati: alifunga uzi mwembamba kwenye kokoto, akalenga mara tatu, ya tatu ikapita. Uzi ukavuta kamba, kamba ikavuta waya. Pale kebo inapoungana na waya nilizungusha kebo mara nane juu ya chupa ya plastiki ili umeme wa redio usirudi ndani kwa mgongo wa kebo, kisha nikaziba kwa mpira wa baiskeli. Miguu niliiacha mirefu kidogo, nikaipunguza taratibu kwa kisu, kwa sababu mawe yaliyo karibu huifanya antena ijione ndefu kuliko ilivyo.

Kabla ya yote hayo nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Nilibeba mchoro. Aliutazama, akauliza kama ni wa kuunganishia umeme wa wizi, nikamwambia hauna umeme, akauliza kama ninarusha matangazo. Nikamweleza kwamba kwa sasa nasikiliza tu, na kwamba kurusha kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, yaani TCRA. Leseni hiyo humpa mtu jina la kituo. Enzi za Tanganyika majina yale yalianza na VQ3, Zanzibar VQ1. Baada ya uhuru tukapewa 5H, Kenya 5Z, Uganda 5X. Mtu aliye Japani akisikia 5H anajua Tanzania iko hewani. Wenye majina hayo nchini ni wachache sana, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya waliosikika wakiita kwa 5H ni wageni: wamisionari, wafanyakazi wa mashirika, watalii wa redio wanaokuja wiki mbili na masanduku ya antena. Sina ugomvi nao. Ila nikiwa mwanahistoria siwezi kuacha kuona kwamba nchi yetu imesikika duniani kwa miaka mingi kupitia midomo ya wapita njia. Mwenyekiti alisema niandike barua, nikaandika, akaipiga muhuri.

Usiku wa kwanza nilisikia kelele. Mngurumo mtupu, kama mashine ya kusaga iliyo mtaa wa pili. Taa za LED, chaja za simu, vibadilisha umeme vya sola, vyote hutema takataka kwenye masafa mafupi, na Bugarika imejaa vyote. Saa tatu umeme ukakatika mtaa mzima. Majirani wakaguna. Redio yangu ya betri ikanyamaza ghafla, halafu kutoka kwenye ule ukimya zikatoka sauti: Kiarabu, Kifaransa, na chini yake vidoto vya Mosi, vyembamba, vya mtu mmoja mwenye mkono wa taratibu anayerudia herufi mbili, C na Q. Mama alikuwa amesimama mlangoni na mshumaa. Akauliza anasema nini. Nikamwambia anauliza kama kuna mtu yeyote. "Na wewe huwezi kumjibu?" Bado, nikamwambia, mpaka leseni. Akavuta kiti akakaa.

Mjomba wangu anavua dagaa upande wa Goziba, mahali ambapo simu inabaki kuwa tochi. Alipokuja na kuona waya aliuliza swali moja tu, kama huo unafika kule. Unafika, ni chini ya kilomita 150 na dipoli ya chini imeumbwa kwa umbali huo. Lakini leseni ya mpenzi wa redio si ya biashara, na kila anayezungumza sharti awe na yake baada ya mtihani, na mtumbwi unahitaji mtambo, betri na mahali pa kutundika mita 20 za waya. Nilimweleza yote hayo. Alisikiliza, kisha akataka kujua mtihani unafanywa kwa lugha gani.

Sasa ni Machi, mvua zimeanza. Ziwa hili hutengeneza radi usiku kuliko sehemu nyingi duniani, na waya wangu wa shaba uko juu ya jiwe. Nikiona mwanga wa kwanza upande wa Saanane nachomoa kebo kwenye redio, naitupa nje ya dirisha, na kufunga mbao.